Wino Uliotangulia Katiba

Taifa lisilo na dola lajitungiaje sheria? Waarmenia walilijibu swali hili mapema, na ajabu ni kwamba jibu lao la awali lilitoka mwambao wa Bahari ya Hindi. Huko Madras, mfanyabiashara Shahamir Shahamirian na wenzake walichapisha Vorogayt Parats, kitabu chenye tarehe ya 1773, kilichopendekeza Armenia huru yenye bunge la kuchaguliwa. Armenia yenyewe wakati huo iligawanywa baina ya Waturuki na Waajemi.

Lakini katiba hiyo angeisoma nani? Maandishi ya heshima yalitungwa kwa grabar, lugha kongwe ya kanisa, ambayo mkulima hakuielewa. Mwaka 1858, mjini Moscow, Stepanos Nazarian akaanzisha jarida la Hyusisapayl pamoja na mshairi Mikayel Nalbandian, nao wakaandika kwa ashkharhabar, lugha ya watu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uliberali wa Kiarmenia ulipopata sauti yake, na mpenzi wa ushairi hatashangaa kuwa mshairi alikuwapo. Nalbandian alitiwa gerezani 1862, akafia uhamishoni 1866, hajatimiza miaka 37. Wimbo wa taifa wa Armenia umetokana na shairi lake.

Istanbul nako mambo yalikuwa yakichemka. Mwaka 1863 sultani aliridhia Katiba ya Taifa ya Waarmenia, kazi ya akina Krikor Odian na Nahabet Rusinian, huyu wa pili akiwa tabibu na mtunzi pia. Iliwapunguzia nguvu patriaki na matajiri waliozoea kuamua shule na makanisa yaendeshwe vipi. Tusiisifu kupita kiasi, hata hivyo: kati ya wajumbe 140 wa baraza, mikoani, walikoishi Waarmenia walio wengi, walitoka 40 tu.

Odian alishiriki kuandaa katiba ya dola zima la Uthmaniya ya 1876, ambayo sultani aliisimamisha muda mfupi baadaye. Iliporejeshwa 1908, Krikor Zohrab, mwanasheria na bingwa wa hadithi fupi, akaingia bungeni akiiamini. Mwaka 1915 serikali ileile ilimkamata. Akauawa njiani karibu na Urfa.

Chama cha Ramgavar Azatakan, kilichobeba jina la demokrasia na uliberali, kiliundwa Istanbul 1921, wakati wengi wa wale ambao kingewatetea walikuwa wamekwisha kuuawa au kutawanyika.