CD4 rekombinanti ya binadamu

Nomino, ngeli ya i-/zi-. Hutamkwa si-di-foo.

Maana
Protini ya CD4 iliyotengenezwa maabara kwa kupandikiza jeni ya binadamu katika seli zinazokuzwa, kwa mfano seli za ovari ya buku wa China, kisha kuitenga na kuisafisha kwa ajili ya utafiti wa kinga ya mwili.

Asili
Mwilini, CD4 hukaa juu ya utando wa baadhi ya chembe nyeupe za damu, hasa seli T saidizi. Herufi CD na namba yake zinatokana na utaratibu wa kuainisha protini za juu ya seli ulioanzishwa katika mkutano wa Paris mwaka 1982. Mwaka 1984 ilibainika kuwa Virusi vya UKIMWI (VVU) hujishikiza kwenye CD4 ili viingie ndani ya seli.

Matumizi
Katika kliniki za Afrika Mashariki, CD4 ni jina la seli zenye protini hiyo, nazo huhesabiwa: “CD4 zake zimepanda hadi 350,” yaani seli 350 katika kila mikrolita ya damu. Katika maabara, CD4 ni protini yenyewe, nayo hupimwa kwa uzito: “Mikrogramu 50 za CD4 zilitumika.” Mfasiri asiyetaja nomino kamili humwachia msomaji achague maana, na msomaji wa kawaida huchagua ile ya kliniki.

Mfano mmoja unatosha. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wagonjwa walidungwa CD4 rekombinanti ili VVU vinaswe na protini hiyo kabla ya kuzifikia seli. Tiba hiyo haikufaulu: virusi vilivyotoka kwa wagonjwa vilistahimili protini hiyo kuliko vile vilivyozoeshwa maabara. Sentensi “wagonjwa waliongezewa CD4” ingemfanya msomaji adhani waliongezewa seli za kinga. Sahihi ni: “wagonjwa walidungwa protini ya CD4.”

Tanbihi
1. “Ya binadamu” hueleza asili ya jeni, si ya malighafi. Hakuna mtu aliyetolewa damu ili chupa ijazwe. Katika fomu za ridhaa, afadhali kuandika “protini iliyotengenezwa kwa kufuata jeni ya binadamu.”
2. Rekombinanti si sawa na bandia. Protini bandia huenda ikaeleweka kuwa ya kughushi.
3. Kingamwili dhidi ya CD4 ni protini nyingine, inayojishikiza kwenye CD4. Isiitwe kinga ya CD4.

Linganisha: antijeni, jeni, kingamwili, seli T.