Dhahabu Iliyopita Nzega na Udongo Uliobaki

Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yakizidi kuisogelea Tabora, Wajerumani waliigeuza karakana ya reli ya Lulanguru kuwa kiwanda cha fedha. Humo ziligongwa sarafu za dhahabu zaidi ya 16,000, kila moja ya rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, ng'ambo ya nyika ya Wembere. Septemba mwaka huo Tabora ikaanguka. Sarafu zile leo huuzwa kwa bei kubwa kwenye minada ya ng'ambo. Udongo uliopekuliwa ili zipatikane hauna anayeuulizia.

Nzega, wilaya ya mkoani Tabora, ina simulizi kama hiyo. Kwa vizazi vingi imekuwa nchi ya kupita. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, na kutoka hapo njia moja ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini kwenye ziwa. Ndiyo njia ya kaskazini aliyoishika John Hanning Speke alipoondoka Kazeh, kituo cha hapo Unyanyembe, mwaka 1858 na kuliona Ziwa Nyanza (Victoria). Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua nchi hii kwa visima vyake, kwa kuwa kambi ilipigwa penye maji. Reli ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ikapitia Bukene. Leo malori ya Rwanda na Burundi hukata kona Nzega mjini. Pembe zilipita, watumwa walipita, pamba ikapita. Kisha ikaja zamu ya dhahabu, na hiyo ilipoondoka iliacha mzigo.

Mgodi wa Golden Pride, uliojengwa na kampuni ya Resolute ya Australia karibu na kijiji cha Lusu, ulianza kutoa dhahabu mwishoni mwa 1998. Ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza katika wimbi jipya la uwekezaji, kabla ya Geita na Bulyanhulu kuanza uzalishaji. Katika miaka kama 15 ulitoa wakia zaidi ya milioni mbili. Dhahabu hiyo ilisafiri kwa ndege. Haikuhitaji bega la mpagazi.

Ili kuipata wakia moja, mawe mengi husagwa hadi yawe unga, kisha unga huo hulowekwa kwenye maji yenye sayanidi. Njia hii ilibuniwa Glasgow mwaka 1887, na ndiyo iliyowezesha dunia kuchimba mawe yenye dhahabu kidogo mno. Dhahabu ikishatolewa, tope linalosalia humwagwa kwenye bwawa la topesumu. Sayanidi yenyewe huvunjika taratibu kwa jua na hewa. Kinachodumu ni madini yaliyokuwa yamelala ndani ya mwamba. Mwamba wa Golden Pride una madini ya salfa, mengine yakiwa yamebeba aseniki. Mawe ya namna hiyo yakikutana na hewa na mvua yanaweza kuzaa tindikali, na tindikali huyeyusha metali na kuzishusha kwenye maji ya ardhini. Mkoani Mara, mwaka 2009, wanavijiji wa Mto Tigithe waliona maji yenye tindikali kutoka mgodi wa North Mara yakiingia mtoni mwao.

Kwa hiyo swali la Nzega lilikuwa la kisima kama lilivyokuwa la dhahabu. Hapa mvua ni chache, na kwa miaka mingi watu walitegemea visima na malambo, hadi bomba la Ziwa Victoria lilipofika kwa mkopo wa India.

Golden Pride uliposimama, mwaka 2014, Tanzania ilikuwa na kitu ambacho Sekenke haikukijua: sheria ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilikwisha kuandika kwamba mchafuzi ndiye mlipaji, na Sheria ya Madini ya 2010 pamoja na kanuni zake zikadai mpango wa kufunga mgodi na dhamana ya ukarabati. Mgodi wa Nzega ukawa kipimo cha utaratibu huo mpya. Lundo la mawe taka lilisawazishwa na kupandwa miti, na majengo yakakabidhiwa serikalini kwa ajili ya mafunzo ya madini.

Dhamana ina maana kubwa kuliko jina lake. Ni fedha inayowekwa mgodi ungali na faida, kwa sababu siku ya mwisho mwenye mgodi huwa hana tena dhahabu ya kuuza. Marekani ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1978 familia za mtaa wa Love Canal, jimboni New York, zilihamishwa baada ya sumu ya viwandani iliyozikwa chini ya makazi yao kuanza kujitokeza. Miaka miwili baadaye Bunge la nchi hiyo likaunda mfuko wa kusafisha maeneo ya namna hiyo, uliotegemea kodi ya mafuta na kemikali.

Tanzania ina somo lake lililo karibu zaidi, mkoani Pwani, kule misafara ilikoanzia. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea kama msaada kutoka Ugiriki takriban tani 170 za viuatilifu vilivyokwisha muda wake. Banda la kuvihifadhia likaporomoka, mvua ikapita juu yake, na DDT ikazama udongoni. Msaada ukawa deni. Hapakuwa na kampuni ya kushikwa, basi kazi ikawaangukia serikali na wafadhili: Tanzania ikaingia katika mpango wa Afrika wa kuondoa akiba za viuatilifu chakavu, uliogharimiwa na fedha za kimataifa ikiwemo Benki ya Dunia.

Kwenye deni la namna hiyo, lisilo na kampuni ya kushikwa, ndiko inakoelekea sura iliyo wazi sasa Nzega. Wachimbaji wadogo walikuwepo kabla ya Golden Pride na wapo baada yake. Kwenye mialo yao karasha husaga mawe, zebaki hukamata dhahabu, kisha donge huchomwa motoni. Mvuke huvutwa na aliye karibu, na zebaki nyingine husalia kwenye marudio, ambayo huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kuipunguza zebaki hiyo. Lakini mwalo hauna dhamana benki wala mpango wa kufunga. Mchimbaji akihamia rashi nyingine, hubaki shimo, dimbwi la kuoshea mawe na kisima cha jirani ambacho maji yake hayajapimwa. Gharama ya kukipima, na ya kuusafisha udongo unaokizunguka, itatoka hazina ya umma. Ni haki itengwe leo, dhahabu na mizigo vingali vinapita Nzega na kulipiwa ushuru.