Hela za Ahera

Katika mazishi ya kwetu, chini ya Mlima Meru, kuna tangazo ambalo halikosekani. Msemaji wa familia husimama kando ya kaburi na kusema kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aje aonane na wafiwa. Mwaka 1989, tulipomzika baba yangu mdogo, tangazo hilo lilipotolewa niliinamisha kichwa. Mwaka 1974 alikuwa ameuza mtamba wake ili nipate nauli, sanduku na nguo za shule. "Utanilipa ukipata kazi," aliniambia. Kazi nilipata. Kulipa sikulipa, na yeye hakuacha mke wala mtoto wa kulipokea deni lile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali la kitoto: huko ahera watu wanaishi kwa kutumia nini? Kuna soko? Kuna tajiri na maskini? Sisemi haya kumkufuru Mungu. Ninazungumzia ahera iliyobuniwa na wanadamu, maana karibu kila taifa lilibuni ya kwake, na ndani yake likatia uchumi.

Wamisri wa kale waliamini kwamba wafu wana mashamba ya kulima. Mwenye uwezo alizikwa na vinyago vidogo vya kuitikia kwa niaba yake akiitwa kazini. Baadaye makaburi mengine yaliwekwa vinyago 401: wafanyakazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, na wanyapara 36 wa kuwasimamia. Hata huko hawakuweza kufikiria kazi isiyo na mnyapara! Wayunani walimtia maiti sarafu mdomoni, iwe nauli ya mtumbwi wa kuvukia. Wachina wengi hadi leo huchoma noti za karatasi ziwafikie wazee wao, na noti hizo zimeongezewa sifuri mpaka zikafika mamilioni. Sisi tusicheke. Nilipokuwa kijana noti yetu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Leo ni ya shilingi 10,000. Naona kwamba watu walipobuni ahera, walichukua shida za sokoni kwao wakazihamishia huko.

Wazee wa mteremko wetu hawakuhamisha fedha, kwa kuwa hawakuwa nazo. Walimwaga pombe na maziwa ardhini, na mambo yakiwa mazito walichinja kondoo. Wafu walihitaji kulishwa na walio hai. Walio hai walihitaji mvua, uzazi na afya ya mifugo. Yalikuwa mapatano ya nipe nikupe. Katika uchumi huo maskini hakuwa yule aliyekufa bila ng'ombe. Maskini alikuwa yule aliyekufa bila mtu wa kummwagia. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Mfu hubaki katika Sasa muda wote ambao yupo mtu hai aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Huyo wa mwisho akifa, mfu huzama katika Zamani.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa ukali. Mwaka 1902 misheni ilianza Nkoaranga, na polepole hesabu zikabadilika. Kondoo aliyekuwa akichinjwa kwa ajili ya babu akaanza kupelekwa kanisani. Siku ya mavuno mikungu ya ndizi, kuku na magunia ya mahindi hupigwa mnada nje ya kanisa, na fedha zake husaidia kazi za usharika. Tunafundishwa kwamba ndiyo hazina yetu ya mbinguni, nami naamini hivyo. Lakini sadaka hiyo haimtaji marehemu yeyote kwa jina.

Hata hivyo jambo moja halikuhama, nalo ni ardhi. Mmea uleule wa isale tunaoupanda mpakani mwa kihamba ndio tunaoupanda kaburini, kana kwamba marehemu naye ana kiwanja chake kinachotambuliwa. Kwa hiyo, mwezi Novemba 1951, Waingereza walipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba ya mifugo, hasara haikuwa ya nyumba na malisho peke yake. Waliohamishwa waliacha nyuma na wadai wao waliolala ardhini. Wananchi wakachanga, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa kwa safari ile. Lakini huwa nawaza: katika zile shilingi za michango, ngapi zilitolewa kwa ajili ya walio hai, na ngapi zilikuwa malipo ya deni kwa waliokufa?

Narudi kwa baba yangu mdogo. Ikiwa wazee walisema kweli, basi yeye huko aliko ni fukara, na ufukara wake una sehemu yangu. Bei ya mtamba ningeweza kuitoa sadaka, na nimewahi kuitoa. Haikunipa usingizi. Mjukuu wangu wa kwanza nimempa jina lake. Mwaka mmoja baadaye nilimpa mtoto wa jirani nauli, sanduku na nguo za shule. Mama yake alipokuja kuniuliza atalipa lini, nilimketisha, nikamweleza habari za mtamba ule tangu mwanzo, nikamtajia jina la mwenyewe. Alilirudia mara mbili ili asilisahau.