Mtiki wa Kilombero na Chura wa Kihansi

Vitabu vya jiografia hugawa rasilimali mafungu mawili: za asili na zilizotengenezwa na binadamu. Ukiwa Ifakara, katika bonde la Kilombero, mgawanyo huo unayumba. Mtiki, unaopandwa kibiashara bondeni tangu miaka ya 1990, ni mti wa Asia. Una mizizi na majani, lakini umesimamishwa kwa mistari kama mahindi. Wapo wanaouita msitu. Mimi naona shamba.

Mpinzani atasema maji, angalau, ni ya asili tu. Basi atazame Kihansi, mto unaoteremka kutoka milima ya Udzungwa kuingia bondeni. Kufikia mwaka 2000, bwawa lilikuwa limeshaelekeza maji kwenye mitambo ya megawati 180; maporomoko yakanywea, manyunyu yakakatika. Chura mdogo wa manjano aliyegunduliwa 1996, asiyepatikana kwingine kokote duniani, aliishi kwa manyunyu hayo. Mamia ya vyura hao walisafirishwa Marekani, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya ughaibuni vikaanza kurudishwa, chini ya mvua ya bomba. Chura ni wa asili, sawa. Unyevu wake una fundi na vali.