Marudishio, Si Marudio

Aliyeziita kozi za kujiandaa upya kuomba udaktari “masomo ya marudio” hakutazama kinachotendeka. Alichukua kitenzi kilichokuwa karibu, akaridhika. Matokeo yake, mwanafunzi aliyemaliza shahada ya kwanza Marekani na GPA (wastani wa alama) dhaifu, akakataliwa na vyuo vya udaktari, kisha akarudi darasani mwaka mmoja au miwili kusoma biolojia na kemia kabla ya kuomba tena, anaelezwa kwa Kiswahili kana kwamba amekariri darasa. Wengine, kwa haraka mbaya zaidi, huyaita “masomo ya baada ya shahada”, jina ambalo msomaji yeyote atalisikia kuwa ni uzamili. Majina yote mawili yanapotosha, na anayeumia ni mzazi au mwanafunzi anayepanga miaka na ada zake kwa kuyafuata.

Kurudia, katika Kiswahili cha shule, ni kufanya upya ili jipya lishike nafasi ya la zamani. Anayerisiti hesabu anatafuta alama ya kutumia badala ya ile mbovu. Udahili wa udaktari Marekani hauendi hivyo. AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vingi vya udaktari nchini humo, huhesabu kila alama: aliyepata D ya kemia, akairudia akapata A, zote mbili huingia katika wastani. Vyuo vya osteopathi, tawi jingine la udaktari huko, viliruhusu alama mpya ifute ya zamani, lakini tangu 2017 navyo vimeacha. Tupige hesabu. Mtu ana krediti 120 na GPA ya 2.9. Akiongeza krediti 30 za A tupu, atafika 3.12 tu. Ili afike 3.5 atahitaji krediti 144 za A, yaani zaidi ya shahada nyingine nzima. Na wastani wa wanaodahiliwa unazidi hata 3.7. Kama lengo lingekuwa kufuta, hakuna ambaye angejaribu. Kamati ya udahili huangalia mwelekeo: alama mpya, zilizotengwa katika mstari wake kwenye fomu, zikionyesha kwamba anayeomba leo anaumudu mzigo wa sayansi uliomwangusha zamani.

Kwa tendo la namna hiyo, la kujaza pengo bila kufuta kilichopo, Kiswahili kina neno tayari, tena shambani. Mahindi yakiota kwa mapengo, mkulima hang'oi yaliyoota wala halimi upya. Hupita mstari kwa mstari na kurudishia, yaani kutia mbegu katika mashimo yasiyoota. Ndiyo maana napendekeza marudishio. Mzizi ni rudi, tuliouchukua katika Kiarabu, radda, nao umetoa matawi mengi kwetu: mgeni hurudi, kitambaa kikifuliwa hurudi, mzazi humrudi mtoto aliyekosea. Ukiingiza sh ya kusababisha unapata rudisha, na hapo mtendaji anaonekana. Harudi tu kama aliyepotea njia, bali anakirudisha kitu. Ukiongeza i ya kutendea unapata rudishia, na hapo pengo linalotendewa nalo linaonekana. Kisha o ya mwisho, ile ile ya ufunguo na zibo, inalifunga tendo likawa jina. Marudio na marudishio yanatofautiana kwa silabi moja, shi, na ndani ya silabi hiyo ndimo alimo mtu mwenye jembe.

Watasema neno la shambani halina hadhi ya ofisi ya udahili. Wanaosema hivyo hukaa katika kitivo, neno ambalo kabla ya kuwa la chuo kikuu lilikuwa la ardhi yenye rutuba, na huhudhuria semina, ambayo asili yake ya Kilatini ni kitalu cha miche. Watasema pia kwamba litachanganywa na kurudisha mkopo. Lakini kazi hiyo imeshashikwa na neno marejesho, na hakuna benki itakayoliacha. Hoja nzito kidogo ni kwamba wapo wanaosoma tena kozi zile zile walizofeli. Ni kweli, nao katika kozi hizo wanarudia. Hata hivyo mkulima naye hurudishia kwa mbegu ya aina ile ile, na mbegu iliyooza haitoki katika hesabu ya alizotumia, kama vile ile D isivyotoka katika wastani.

Kwa matumizi: kozi ni za marudishio, anayezisoma ni mrudishiaji, na anayepeleka maombi upya ni mwombaji wa mara ya pili. Vyuo vingi humuuliza mwombaji huyo ni nini kimebadilika tangu alipokataliwa. Aliyefundishwa kwamba amefanya marudio atajibu kuwa amejaribu tena, na jibu hilo halitamfikisha popote. Aliyefundishwa marudishio atayataja mashimo yake bila kuyaficha, kozi kwa kozi, kisha ataonyesha kilichoota.