Mshono Uliofichwa: Vipande vya Matini za Kiyunani na Kilatini katika Enzi ya Tarakilishi

Utangulizi

Sehemu kubwa ya fasihi ya Wayunani na Warumi wa kale imepotea. Kilichosalia ni vipande: ubeti uliochanika kwenye karatasi ya mafunjo, sentensi iliyonukuliwa na mwanasarufi, rai ya mwanafalsafa iliyosimuliwa na mpinzani wake. Tangu miaka ya 1970, tarakilishi imekuwa chombo muhimu cha kuvikusanya na kuvisaka vipande hivyo. Aghalabu historia ya chombo hiki husimuliwa kama historia ya kasi. Makala hii inadai kwamba kiini cha suala si kasi bali ni mshono, yaani pale maneno ya mwandishi aliyepotea yanapoungana na maneno ya yule aliyemnukuu. Chombo kinachouficha mshono huo humpotosha mhakiki, hata kiwe na kasi ya namna gani.

Urithi wa Vitabu

Kabla ya tarakilishi palikuwa na mikusanyo iliyochapishwa. Karl Müller alianza kutoa majalada yake matano ya vipande vya wanahistoria wa Kiyunani mnamo 1841. Hermann Diels akatoa vipande vya wanafalsafa waliomtangulia Socrates mnamo 1903. Naye Felix Jacoby akaanza mwaka 1923 mkusanyo ulioishia kuwahusisha wanahistoria zaidi ya 800. Utaratibu wa wote watatu ni mmoja. Dondoo hukatwa kutoka katika matini iliyolihifadhi, likawekwa chini ya jina la mwandishi wake wa asili na kupewa nambari. Bila kazi hiyo, wengi wa waandishi hao wangebaki kuwa majina matupu. Hata hivyo, kila mkato ni uamuzi wa kihakiki.

Wazo mashuhuri la Heraclitus kuhusu mto ni mfano mwafaka. Diels alitenganisha habari zinazomhusu mwanafalsafa, alizozitia alama A, na maneno aliyoyaona kuwa yake hasa, aliyoyatia alama B. Kwa sababu hiyo wazo la mto likatawanyika: masimulizi ya Plato yakaangukia A6, maneno yaliyohifadhiwa na Eusebius yakawa B12, na yale ya Plutarch yakawa B91. Je, Heraclitus alisema jambo moja lililosimuliwa kwa njia tatu, au alisema mambo tofauti? Swali hili halijibiki bila kuchunguza kila mnukuzi alikuwa akijenga hoja gani. Nambari hailijibu swali, hulifunika.

Thamani ya muktadha ilidhihirika zaidi upande wa Kilatini. Nonius Marcellus, mwanasarufi wa Afrika ya Kaskazini katika eneo ambalo leo ni Algeria, alitunga kamusi ya vitabu 20 iliyosheheni mifano ya waandishi wa Jamhuri ya Kirumi. Sehemu kubwa ya beti zilizosalia za tashtiti za Lucilius imehifadhiwa humo. Mnamo 1901, W. M. Lindsay alibainisha kwamba Nonius alitumia orodha 41 alizozitoa katika usomaji wake, na kwamba alizifuata kwa mpangilio uleule kila mara. Kwa hivyo, mfuatano wa dondoo katika kamusi waweza kuwa ushahidi wa mfuatano wa beti katika utungo uliopotea. Mhariri anayezing'oa beti hizo na kuzipanga upya kwa maudhui huufuta ushahidi huo. Lindsay aliufikia ugunduzi wake bila mashine yoyote. Alichofanya ni kuisoma kamusi ya mnukuzi kama kitabu chenye utaratibu wake, wala si kama ghala la dondoo za wengine.

Hazina za Kwanza

Mradi wa Thesaurus Linguae Graecae ulianzishwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, chini ya uongozi wa Theodore Brunner, kwa azma ya kuingiza katika tarakilishi fasihi ya Kiyunani kuanzia Homer. Diski yake ya kwanza ilitolewa 1985, na mnamo 2001 hazina hiyo ikafikiwa kupitia intaneti. Leo ina maneno zaidi ya milioni 100. Kwa upande wa Kilatini, Packard Humanities Institute ilitoa diski yake mwaka 1991, na mnamo 2011 ikaziweka matini hizo wazi kwa wote bila malipo. Kwa mwanafunzi aliye mbali na maktaba kubwa, hii ni faida isiyokadirika.

Lakini hazina hizi zilinakili matoleo yaliyochapishwa, pamoja na mikato yake. Dondoo la mwanahistoria lililo katika kitabu cha Athenaeus huingizwa mara mbili: mara moja kwa Athenaeus na mara ya pili katika mkusanyo wa Jacoby. Mtafiti anayehesabu matumizi ya neno bila hadhari huhesabu neno moja kuwa mawili. Fauka ya hayo, maelezo ya wahariri kuhusu tofauti za miswada, ambayo katika kitabu huwa chini ya ukurasa, yaliachwa nje. Halikadhalika, maneno ambayo mhariri ameyakisia na kuyafunga kwa mabano mraba hujitokeza katika msako sambamba na maneno yaliyohifadhiwa. Kwa namna hii dhana ya mhariri ilivishwa vazi la ushahidi.

Kuurejesha Muktadha

Juhudi za kurekebisha hali hii zilishika kasi katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, ambako Gregory Crane, mwasisi wa maktaba ya tarakilishi ya Perseus, alichukua wadhifa mwaka 2013. Huko Monica Berti aliongoza kazi ya kuigeuza mikusanyo ya Müller iwe ya kidijitali, pamoja na mradi mahususi kuhusu Athenaeus. Mkabala wake ni kinyume cha mkasi. Kipande hakinakiliwi kando kama matini huru, bali hutiwa alama kikiwa ndani ya matini iliyokihifadhi, na mwisho wa nukuu huelezwa kuwa ni tafsiri ya mtaalamu fulani. Wahakiki wawili wanaotofautiana waweza kuweka mipaka miwili juu ya maneno yaleyale, na msomaji akaiona yote.

Majaribu mapya yamekuja na akili unde. Programu ya Ithaca, iliyotangazwa mwaka 2022, hukisia herufi zilizofutika katika maandishi ya Kiyunani yaliyochongwa kwenye mawe. Katika majaribio, programu pekee ilipata usahihi wa asilimia 62, wanahistoria pekee asilimia 25, na wanahistoria walioitumia asilimia 72. Takwimu hizi zinafunza ushirikiano, si kujisalimisha. Mashine hutoa kinachoelekea kuwapo kwa kuzingatia yaliyozoeleka, ilhali ushairi mara nyingi huishi kwa kuyakiuka mazoea. Mnamo 2004 karatasi za mafunjo zilizoko Cologne zilitoa mianzo ya mishororo ya shairi la Sappho kuhusu uzee, ambalo hapo awali lilijulikana hasa kwa miishilio yake kutoka Oxyrhynchus, Misri. Nakala ya Cologne inakoma kwenye mshororo wa 12, ilhali ile ya Oxyrhynchus yaonekana kuendelea. Mahali shairi linapoishia pamebaki kuwa suala la uhakiki.

Hitimisho

Imebainika kwamba tarakilishi haikuzusha tatizo la vipande. Ililirithi kutoka kwa kitabu na, kwa muda, ikalificha zaidi. Kigezo cha kuipima zana yoyote mpya basi ni hiki: je, inamwonyesha msomaji nani alinukuu, kwa nini alinukuu, na nani aliyeamua kwamba nukuu inaishia hapo? Pasipo majibu hayo, mhakiki hujikuta akimsifu au kumlaumu Heraclitus kwa maneno ambayo huenda ni ya Plutarch.