Mafuriko ya Mbale na barabara za biashara

Mbale ni mji wa mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Malori ya kutoka Malaba kwenda Sudan Kusini huweza kupita hapa, kwa njia ya Tororo, Mbale, Soroti, Lira, Gulu na Elegu. Magari ya kutoka Jinja huja kupitia Iganga na Tirinyi.

CHANZO
Mito Nabuyonga na Namatala hushuka kwa kasi kutoka mlimani. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji hufika mjini kwa muda mfupi. Jinja, Kimaka ikiwemo, hali ni tofauti: Ziwa Victoria hupanda polepole. Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja baada ya mvua za miezi mingi.

MADHARA
Usiku wa Julai 30 kuamkia 31, 2022, mito hiyo ya Mbale ilivunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walikufa, wakiwemo abiria wa basi dogo lililosombwa. Mabomba yalikatika, na watu wapatao 400,000 wakakosa maji safi. Mwaka 2007 mafuriko yalifunika barabara ya Mbale-Soroti eneo la Awoja.

KWA WASAFIRISHAJI
Ulizia hali ya barabara ukiwa bado Tororo. Hapo unaweza kugeukia njia ndefu ya Jinja, Kampala na Karuma. Ukishavuka Mbale, kurudi ni hasara ya mafuta na siku. Usivuke maji yanayokwenda kasi. Mzigo uliochelewa hufika, uliosombwa haufiki.